Mtoto akisema "sitaki"

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinagusa jambo moja: mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 amekataa tiba ambayo akiikosa anaweza kufa. Tumewapa daktari wa watoto na wakili wa kesi za watoto wazijibu pamoja. Majina ya walioandika tumeyaacha, wilaya tumezibakiza.

*Mwanangu ana miaka 14. Jumamosi aling'atwa mkono na mbwa asiyejulikana ni wa nani, wakati anatoka kuokota mabibo. Hospitali wamemchoma sindano mbili, kila bega moja, wakampa kadi arudi. Amegoma. Anasema heri afe kuliko kuchomwa sindano za tumboni. Baba yake anasema keshatoka jandoni, ni mkubwa, akikataa tumwache. Nimwache?*
*Mama, Newala*

Usimwache, Mama. Na kabla ya kubishana na baba yake, msikilize mtoto vizuri, maana ameshakutajia anachokiogopa: sindano za tumboni. Hizo zilikuwepo kweli. Chanjo ya zamani ya kichaa cha mbwa ilichomwa tumboni, siku nyingi mfululizo, na wazee walioionja bado wanaisimulia. Ya siku hizi haigusi tumbo. Kwa kuwa alichomwa mabega yote mawili, inaelekea hospitali yenu inatumia ratiba ya kwenye ngozi. Kila bega linapata mililita 0.1, kiasi kidogo kinachoacha kiuvimbe kama punje ya mtama. Mwonyeshe kadi. Siku ya kwanza ya chanjo huhesabiwa sifuri, kwa hiyo kama alianza Jumamosi ileile, anarudi Jumanne, siku ya 3, kisha Jumamosi inayofuata, siku ya 7. Vituo vinavyochoma kwenye msuli huongeza dozi nyingine kati ya siku ya 14 na 28. Fuateni kadi mliyopewa, msichanganye ratiba mbili kwa kusikia ya jirani.

Kama Jumanne imeshapita, mpeleke leo. Dozi iliyochelewa inaendelezwa pale ilipoishia, haianzwi upya. Na kama kidonda hakikuoshwa siku ile, kioshwe hata sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, siyo kwa kukisia. Msiweke majivu wala mafuta ya taa. Kama meno yalitoboa ngozi, muulizeni daktari kuhusu kingamwili inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Inafaa ndani ya siku 7 tangu chanjo ya kwanza, baada ya hapo haina kazi.

Mbwa anayejulikana hutazamwa siku 10, na akibaki mzima daktari anaweza kusimamisha chanjo. Wenu hajulikani alipo, kwa hiyo hakuna wa kumtazama.

Sasa hoja ya jando. Jandoni kijana amefundishwa mengi ya utu uzima, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haihesabu jando wala unyago. Inahesabu miaka, na mtoto ni yeyote aliye chini ya 18. Sheria hiyohiyo inamkataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu. Ugonjwa huu hauna nafasi ya kujaribu na kujuta. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki au miezi, na zikishaanza, kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa upande wa pili wa mizani kuna safari mbili za hospitali. Tungemlazimisha, bila kigugumizi. Ila kulazimisha si kumfunga kamba. Mwacheni achague bega la kuanza na akae mwenyewe kwenye kiti, na baba aliyesema ni mkubwa ndiye aende naye.

*Binti wa dada yangu, miaka 11, alilazwa na malaria, wingi wa damu ukashuka hadi 3.6. Daktari akataka aongezwe damu. Mtoto akawa analia hataki damu ya mtu, baba yake akagoma kusaini, dada yangu akakubali. Ukoo ukaamua nisubiriwe mimi, mjomba, nitoke Mahuta. Nilipofika nikakuta chupa imeshatundikwa. Je, hatukudharauliwa?*
*Mjomba, Tandahimba*

Tunajua mjomba ni nani kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, na hakuna aliyekusudia kukuvunjia heshima. Ila namba hiyo haikuwa na subira. Mtoto wa umri huo hutakiwa kuwa na kama gramu 11.5 au zaidi za himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu, katika desilita moja. Chini ya 4, damu inapendekezwa iongezwe hata kama mtoto bado anaongea. Kati ya 4 na 6, daktari hutazama dalili: kuhema kwa shida, kusinzia kupita kiasi, mikono na miguu ya baridi. Kwenye 3.6 moyo unakimbia kupeleka hewa kwa damu nyepesi kama maji, na unaweza kushindwa wakati wowote. Dawa za madini ya chuma, rozela na matembele vinaongeza damu kwa wiki kadhaa. Mpwa wako huenda hakuwa na hata siku moja.

Kuhusu saini: ridhaa ya mzazi mmoja inatosha hospitali kuanza, na dada yako aliitoa. Hata angekataa naye, daktari anayeokoa maisha katika dharura, kwa nia njema na kwa ustadi wa kazi yake, hawi mkosaji. Mjomba anapata nguvu ya kisheria kwa namna nyingine: wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, jukumu la mtoto linaweza kukabidhiwa ndugu wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa mila. Hapo saini yako ndiyo ingetafutwa.

Kilio cha mtoto ni jambo jingine, na hapo hospitali nyingi zinakosea. Mtoto wa miaka 11 anastahili kuambiwa kinachoingia mwilini mwake. Aambiwe damu imetolewa na mtu mzima wa afya, imepimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na kundi lake limelinganishwa na la kwake. Aambiwe itachukua saa tatu hadi nne na chupa itatolewa. Mwenye kilo 25 hupewa kama mililita 500 za damu nzima, au 250 za chembe nyekundu zilizokamuliwa maji yake.

Mkiwa kando ya kitanda, kazi yenu ni macho. Dakika 15 za mwanzo ndizo za kuangalia zaidi. Akitetemeka, akitoka vipele, akilalamika mgongo, akianza kuhema au mkojo ukibadilika kuwa wa rangi ya soda nyeusi, mwiteni muuguzi palepale afunge mrija. Na kabla haijafunguliwa, jina na namba vilivyo kwenye chupa vinasomwa na watu wawili na kulinganishwa na vya mgonjwa. Madhara makubwa ya damu mara nyingi huanzia hapo, chupa ya mtoto mmoja kutundikwa kwa mwenzake mwenye jina linalofanana. Katika wodi yenye akina Zainabu watatu, uliza bila aibu.

*Mwanafunzi wangu wa miaka 15 ni wa familia ya Mashahidi wa Yehova. Anasubiri upasuaji na amesema hatapokea damu. Anaeleza imani yake vizuri kuliko watu wazima wengi. Tumheshimu au tumwokoe?*
*Mwalimu, Nachingwea*

Kwanza, kama upasuaji umepangwa, mna wiki za kufanya kazi, na zitumieni. Daktari amwongezee damu kwa madini ya chuma mapema, vipimo vichukue damu kidogo iwezekanavyo, na mpasuaji ajipange na dawa ya kupunguza kutoka damu, asidi ya traneksamiki. Tena wamuulize kwa undani anakataa nini hasa. Kuna sehemu ndogondogo zinazotengwa kutoka kwenye damu ambazo Mashahidi huachiwa kila mmoja aamue kwa dhamiri yake. Na aulizwe akiwa peke yake, bila baba wala mzee wa kusanyiko chumbani. Akilirudia lilelile kwa maneno yake mwenyewe, mtajua ni lake.

Kuvuja damu ghafla ni habari nyingine. Hapo, kwa umri wa miaka 15, wataalamu watamwongezea damu, na muda ukiruhusu Ofisa Ustawi wa Jamii atapeleka shauri Mahakama ya Watoto. Huko Kanada msichana wa miaka 14, wa imani hiyohiyo, aliongezewa damu kwa amri ya mahakama, akaokoka, kisha akalalamika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2009 ilisema ukomavu wa mtoto lazima upimwe kwa dhati, na hatari ikiwa kubwa kipimo kinakuwa kikali zaidi, lakini sheria iliyomruhusu jaji kuamua ikabaki. Afrika Kusini wamekwenda mbali kidogo: mtoto wa zaidi ya miaka 12 aliyekomaa anaweza kujitolea ridhaa ya matibabu, wakati mzazi hawezi kumzuilia mtoto tiba kwa sababu ya dini peke yake, isipokuwa aonyeshe tiba mbadala inayokubalika.

Kufahamu imani na kufahamu kifo ni vitu viwili, Mwalimu. Anayeeleza la kwanza vizuri si lazima awe ameliwaza la pili.

*Nina miaka 17 na miezi 4. Nina uvimbe chini ya goti, wameniambia ni saratani ya mfupa na wanataka kukata mguu juu ya goti. Mimi ni mchezaji. Sitaki. Wazazi wameshasaini. Kwa nini saini yangu haina thamani leo, na baada ya miezi minane itakuwa nayo?*
*Kijana, Masasi*

Swali lako ni zuri na jibu la kweli halitakufurahisha: mstari wa miaka 18 umechorwa kwa sababu lazima uchorwe mahali, si kwa sababu siku hiyo akili inabadilika. Sheria yenyewe inalijua hilo. Kipimo cha VVU, kwa mfano, tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anajiridhia mwenyewe, zamani alitakiwa awe na 18. Kwa tiba kubwa kama yako Sheria ya Mtoto haikuweka umri wa katikati. Inakupa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayokuhusu. Kushiriki ni zaidi ya kuambiwa siku ya kwenda chumba cha upasuaji. Kama hakuna aliyekaa na wewe na picha zako mkononi, haki yako imeshavunjwa, na unaweza kumwambia hivyo Ofisa Ustawi wa Jamii wa hospitali.

Kaa nao basi, na uwaulize haya. Je, kipande cha uvimbe kilichukuliwa na kusomwa maabara? Hakuna mguu unaokatwa kwa eksirei peke yake. Je, kifua kimepigwa picha ya CT? Saratani hii hukimbilia mapafuni, na jibu la hapo linabadilisha kila kitu. Je, utapata dawa za saratani kabla ya kisu? Utaratibu wa kawaida ni dripu za dawa kwa karibu wiki 10, upasuaji, kisha dawa tena kwa miezi kadhaa. Ukikatwa bila dawa, wanaopona ni chini ya wawili katika kila kumi, kwa sababu mbegu ndogo zisizoonekana mara nyingi zimeshafika kwenye mapafu. Kwa dawa na upasuaji pamoja, kama haijasambaa, sita au saba katika kumi huishi miaka mitano na zaidi katika hospitali zenye uwezo kamili. Na je, mguu unaweza kuokolewa kwa kutoa mfupa tu na kuweka chuma? Inawezekana pale mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu haijazingirwa na uvimbe, na pale palipo na mtaalamu na chuma chenyewe. Omba rufaa kwenda Muhimbili uulize. Ni safari ya basi la alfajiri, siyo miezi minane.

Miezi minane huna. Uvimbe wa aina hii hukua kwa wiki. Usiukande, usiuchanje, usiufunge dawa ya moto. Ukipasuka, au mfupa ukivunjika hapohapo, nafasi ya kuokoa mguu hupungua sana.

Tutakwambia pia tusilokubaliana. Daktari wetu anasema: kama mapafu yako ni safi, angekwenda mahakamani ukatibiwe hata ukikataa, kwa kuwa unabadilisha mguu kwa miaka hamsini. Wakili anasita. Kuongezewa damu huchukua muda wa saa nne tu, mtoto akiamka yameisha. Lakini mguu ukikatwa kwa nguvu, wewe ndiye utakayeamka nao hivyo kila asubuhi, na baada ya hapo bado unatakiwa urudi mwenyewe kwa dripu za miezi. Nani atakushika mkono kwa nguvu kila mara? Yeye angekupa siku kumi, mtu aliyekatwa mguu akutembelee, na picha zako zisomwe na daktari wa pili, halafu uulizwe tena.

Uingereza wamepita njia hii. Mwaka 1985 mahakama yao ya juu kabisa ilikubali kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 anayeelewa vya kutosha anaweza kutoa ridhaa yake ya matibabu. Lakini kesi zilizofuata, za mwaka 1991 na 1992, zikasema "ndiyo" yake inatosha, "hapana" yake haimfungi jaji. Kulikuwa na mvulana aliyekaribia miaka 16, mgonjwa wa saratani ya damu, aliyeongezewa damu kwa amri ya mahakama mwaka 1990. Alipofika 18 alikataa tena, akafa. Wengine husema kesi hiyo inaonyesha alikuwa anajua anachokisema tangu mwanzo. Wengine husema alipata miaka miwili ya kufikiri. Nasi hatujamaliza kubishana.

Pale tunapokubaliana ni hapa: kama CT itaonyesha mapafu yamejaa, na kukata ni kwa ajili ya kupunguza maumivu tu, neno lako ndilo litangulie, na mtu asikulazimishe.

Kuhusu mpira. Aliyekatwa juu ya goti hutembea kwa mguu wa bandia baada ya kidonda kupona na kigutu kusinyaa. Kigutu hufungwa bandeji ya kuvutika kila siku ili kichukue umbo, na mazoezi ya paja huanza mapema ili nyonga isikakamae. Wengi husikia vidole visivyokuwepo vikiwasha au kuuma. Si wazimu, kuna dawa zake. Na wapo wanaocheza mpira kwa magongo, mguu mmoja, kwa mashindano kamili. Tanzania ina timu ya taifa ya mchezo huo. Hatulisemi hili ili usaini. Tunalisema kwa sababu umeandika neno "mchezaji" kabla ya neno "sitaki".

*Jirani amemficha mtoto ndani na anakataa kumpeleka hospitali. Naweza kushtaki?*
*Lindi mjini*

Ndiyo, tena ni wajibu wako kisheria kutoa taarifa serikali ya mtaa. Anzia kwa mwenyekiti au mtendaji, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Anayemnyima mtoto matibabu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini gonga mlango kwanza uulize kwa nini. Mara nyingi kinachofichwa ndani ni deni la hospitali au nauli, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo inayoshughulikia maombi ya msamaha.

*Mjukuu wangu ana miaka 12. Anameza dawa za VVU tangu mdogo, wazazi wake walikufa. Juzi nimekuta vidonge zaidi ya ishirini chini ya godoro. Nikimchapa anameza, nikigeuka anatema. Nifanyeje?*
*Bibi, Kilwa*

Shikamoo, Bibi. Fimbo weka chini. Sindano za kichaa cha mbwa mtu anaweza kulazimishwa, zinaisha kwa wiki. Vidonge hivi ni vya kila siku, maisha yote, na wewe hutakuwepo miaka yote hiyo.

Tuulize moja: je, anajua anameza nini? Watoto wengi wa umri wake wameambiwa ni dawa ya kifua, au ya pepo. Kifua kimepona, haoni sababu. Inashauriwa mtoto aanze kuambiwa kidogokidogo anapoanza shule, na afikapo miaka 12 awe ameujua ukweli wote. Nenda naye kliniki ya CTC, anakochukua dawa zake, ukiwa na vidonge vile ulivyoviokota, usivitupe, muuguzi avihesabu ajue amekosa siku ngapi. Mwombe yeye amwambie, wewe ukiwa umekaa pembeni. Siku hiyo atauliza mama yake alikufa na nini. Jibu uwe nalo tayari, na lisiwe la kumlaumu marehemu.

Waombe wapime wingi wa virusi. Mtu akiacha dawa virusi hurudi juu ndani ya wiki chache, na kumeza leo kuacha kesho kunaweza kuvifanya vizoee dawa. Uliza pia kama dawa yake bado inalingana na uzito wake. Akishafika kilo 30 huenda akapewa kidonge kimoja tu kwa siku badala ya rundo. Kama kinamkera tumbo, au anaona haya wenzake wakimwona akimeza, badilisheni saa, ameze usiku baada ya kula. Kikopo kinachochakarika kama manyanga hakifai kwa mtoto anayelala na wenzake. Tia pamba ndani.